Mbolea ya ruzuku: daftari liko wapi?

Wiki jana nilikuwa Ruiru kwa binamu yangu, mzaliwa wa Kilifi aliyeoa huko akatulia. Ana kishamba upande wa Thika, kahawa ya Ruiru 11 na mahindi kidogo. Nilimkuta ameshika simu, akingoja ujumbe wa vocha ya mbolea. "Msimu ule mimi nilipata mifuko miwili, jirani yangu hakupata hata mmoja. Ukiuliza sababu, hakuna wa kukwambia," akasema.

Tukumbushane. Septemba 2022 serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500, na mwaka 2023 ikafika 2,500. Mkulima aliyeandikishwa hutumiwa vocha kwa simu, hulipa sehemu yake na kuchukua mfuko ghalani. Kiasi kinachobaki hulipwa na mimi na wewe kupitia ushuru.

Hapa ndipo pa kutazama. Pesa hizo za ushuru hazipiti mkononi mwa mkulima, zinakwenda kwa anayeleta mbolea. Basi anayetaka kujua nani kafaidi, akakagua majina ya wakulima peke yake, ameshika mkia akaacha kichwa.

Mwaka 2024 tulionyeshwa wazi. Waandishi wa Africa Uncensored walifichua mifuko ya ruzuku isiyokuwa na mbolea ya maana ndani. Shirika la viwango, KEBS, likapiga marufuku chapa kadhaa, na kiwanda kimoja cha Thika kikasimamishiwa leseni. Mei 2 Bunge la Taifa lilipiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kamati ya wabunge 11 baadaye ikasema tuhuma hazikuthibitishwa. Wakubwa walimaliza yao. Lakini aliyekwisha kuitia shambani, msimu haumrudii.

Najua jibu litakalotolewa: majina ni siri ya mtu, na tuna sheria ya kulinda data ya 2019. Hoja hiyo ina uzito. Hata Ulaya, mwaka 2010 mahakama ilizuia kuchapishwa kwa majina ya watu binafsi wanaopokea ruzuku za kilimo. Mwaka 2013 sheria mpya ikayarudisha, ila majina ya wanaopata kidogo sana yakasitiriwa. Nasi tunaweza kutenganisha. Simu ya binamu yangu ibaki siri yake. Lakini wadi imeandikisha wangapi, ghala limepokea mifuko mingapi, nani aliileta, kwa bei gani, na maabara ilisema nini: hapo pana siri ya nani?

Na hili si la Thika peke yake. Mkulima wa Kwale na wa Kilifi anangoja ujumbe kama huohuo. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kuuliza, na sheria ya 2016 inaipa afisi ya umma siku 21 kujibu. Ikinyamaza, malalamiko yapelekwe kwa Ombudsman.

Kabla sijaondoka tuliandika barua, ukurasa mmoja, maswali matano. Leo ni siku ya sita. Nawe andika ya wadi yako, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.