Wamelikosoa Shairi Lako: Ufanyeje?



Kila toleo likikaribia, mashairi yanayotufikia ni machache kuliko watu wanaotunga. Tunajua wanaotunga ni wengi, maana madaftari yao tumeyaona. Tatizo ni woga. Hawaogopi maksi za mwalimu. Wanamwogopa bibi, babu, shangazi na jirani, ambao jarida hili likifika nyumbani hulisoma mwanzo mpaka mwisho, kisha huuliza: "Kiswahili gani hiki?"

Swali hilo linauma. Wengi wetu tumezaliwa hapa Maskati. Skuli tumesoma kwa Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili tumekiokota jikoni na sebuleni, kwa wazee waliotoka Unguja, Pemba, Mombasa, na wengine bara mpaka Burundi. Mzee akisema shairi lako halifai, unasikia kama amesema wewe si mwenzao. Ukiambiwa hivyo mara mbili, unalifunga daftari, na Kiswahili kinabaki lugha ya kuombea chai tu.

Basi kabla ya kufunga daftari, jiulize kwanza umekosolewa nini. Lawama si za aina moja.

Ya kwanza ni ya hesabu. Chukua mshororo huu: "Mtu akiwa safarini, moyo hubaki nyumbani." Aliyezoea Kiarabu na Kiingereza huhesabu "mtu" kuwa silabi moja, akaona kila kipande kina mizani 8. Mzee akiusikia, anasita. Kwake "mtu" ni silabi mbili, m-tu, kwa hiyo ukwapi una mizani 9 na utao una 8. Hapo hakuna matusi wala dharau. Ukiandika "Ukiwapo safarini," umekwisha. Lawama ya namna hii ishukuru haraka, kwani unaweza kuihakiki mwenyewe kwa vidole.

Ya pili ni ya neno. "Hilo si neno," anasema msomaji. Huenda kweli umelikosea. Huenda pia ni neno la bibi yako na si la bibi yake. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyatunga akiwa kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972, yametungwa kwa Kimvita. Kitabu kilitoka 1973, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Kwa hiyo ukiandika "ndia" kwa njia, au "mato" kwa macho, kwa sababu ndivyo kwenu mnavyosema, hujavunja sheria. Fungua Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, muulize mzee mmoja wa kwenu na mmoja wa kwa watu, kisha uamue. Likiwa kosa, libadilishe. Likiwa la kwenu, liache, na chini ya shairi ueleze maana yake.

Ya tatu ni nzito zaidi: "Hili si shairi kabisa." Euphrase Kezilahabi aliambiwa hivyo. Kaluta Amri Abedi alikuwa ameshachapisha Sheria za Kutunga Mashairi tangu 1954, na kwa washairi wengi vina na mizani ndivyo vilivyokuwa ushairi wenyewe. Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Naye alikuwa mtu wa Ukerewe, kwao wakisema Kikerewe. Alijibu kwa kazi: Karibu Ndani ikatoka 1988, na Dhifa 2008. Leo vitabu vyake vinasomeshwa vyuoni. Lakini yeye aliziacha mizani akijua anaacha nini. Mwenzetu anayeacha mizani kwa sababu hawezi kuzihesabu, ajifunze kuzihesabu kwanza. Akisha, aziache kwa raha yake.

Ya nne haihusu shairi: "Nyinyi watoto wa Maskati mtajua nini?" Hiyo haina mshororo wa kurekebisha. Iache ipite.

Zile tatu za mwanzo zina majibu, na jibu la kwetu la asili ni shairi. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa ya Mazrui ilipogombana na Lamu, na kisha na Seyyid Said wa hapa Omani, Muyaka bin Haji wa Mombasa alitupiana beti na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu. Miji ilikuwa vitani, na bado aliyerushiwa ubeti alirudisha ubeti. Mabishano hayo yalihifadhiwa vichwani na kwenye karatasi, na Diwani ya Muyaka ikachapishwa 1940. Shairi lililojibiwa lilikaa, kwa kuwa lilikuwa na mtu upande wa pili.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili kuanzia toleo lijalo. Anayeleta shairi aandike chini yake kama limefuata mizani au la, ili asomwe kwa kipimo alichokichagua. Na anayekosoa, akiwa mwanachama, mwalimu au mzee wa nyumbani, ataje mshororo na aseme afadhali ungekuwaje. Akiweza kukosoa kwa ubeti, ukurasa wa nyuma ni wake, na aliyekosolewa atapewa nafasi ya kumjibu katika toleo litakalofuata.

Madaftari tumeyaona, jamani. Leteni.