Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO: mitambo yetu, mafundi wa nani?

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Mimi ni mteja wako wa Luku, umeme wa kulipia kabla.

Bwawa la Julius Nyerere limejengwa na Wamisri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, kwa mkataba wa Desemba 2018. Sina ugomvi na hilo. Mitambo 9, kila mmoja megawati 235, si kazi ambayo nchi huifanya kila mwaka, na kumtafuta mzoefu ni busara. Ila mjenzi huondoka. Mwaka 2040, saa nane za usiku, mtambo mmoja ukianza kunguruma vibaya, nani atakumbuka kwamba ulinguruma hivyo hivyo masika yaliyopita? Barua hii naiandika kwa ajili ya mtu huyo. Nataka awe mwajiriwa wako, aliyekaa kwenye bwawa hilo la Rufiji miaka 15, na pembeni yake awepo kijana anayemrithisha kazi.

Tulishawahi kukodi hata uongozi. Mei 2002 menejimenti ya Net Group Solutions ya Afrika Kusini iliingia makao makuu ikisindikizwa na polisi, wafanyakazi wakipinga. Tuseme kweli: walikusanya madeni, na hata taasisi za Serikali zilikatiwa umeme, jambo ambalo wazawa walikuwa wakilikwepa. Lakini ukame wa 2006 uliwakuta bado wapo, na mgawo wa umeme tukaupata vile vile. Kudai bili ni ufundi mmoja, kupanga umeme wa miaka kumi ijayo ni mwingine. Na kusoma mkataba kabla ya kusaini ni wa tatu: kwa mkataba wa 1995 na IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme, tulilipia mitambo hata ilipozimwa.

Mtaani pengo la mafundi wenu lina jina, kishoka, fundi asiye na kitambulisho chenu. Fundi mwenye kitambulisho akichelewa, yeye yupo mlangoni na ngazi yake.

Halafu kuna mita. Mwaka 2024 sote tulibonyeza namba 20, kisha 20 nyingine, ili mita ziboreshwe kabla ya Novemba 24. Kazi kama hiyo akiielewa mtu wa nje peke yake, mkataba wake ukiisha tunabaki na mita ukutani, ufunguo uko mfukoni mwake.

Kuchimba mashimo ya nguzo, magari, usafi wa ofisi, toa zabuni upendavyo. Mfumo wa Luku, udhibiti wa gridi, uendeshaji wa mabwawa na wanasheria wa mikataba visitoke nje. Mtaalamu wa nje akija, mkataba wake utaje vijana wawili watakaokaa naye tangu siku ya kwanza. Wiki ya makabidhiano haitoshi, huwa ni ya chai na picha. Na vijana hao walipwe vizuri, wasije wakaajiriwa na mkandarasi huyo huyo mwaka unaofuata.

Nasubiri tangazo la ajira.

Mteja wako,
Dar es Salaam