Hesabu za nyumba zisifungiwe ndani ya programu moja



Siku hizi familia nyingi zinaweka hesabu za nyumba katika kompyuta, na sisi tunaliunga mkono jambo hili. Wapo wanaotumia GnuCash, ambayo ni ya bure, na wapo waliojitengenezea majedwali yao. Ila tuna neno na wazazi, na vijana wao wanaosoma. Wengi hujitahidi kuandika matumizi ya kila siku, lakini hawagusi kabisa mipangilio ya kuingiza na kutoa mafaili. Kwa maoni yetu hapo ndipo hesabu nyingi zinapoharibika, tena kimyakimya.

Chukueni tarehe. Benki inawapa taarifa kwa faili la CSV, na ndani yake kumeandikwa 03/04/2025. Kwetu hiyo ni tarehe 3 Aprili. Programu iliyopangwa kwa utaratibu wa Marekani itasoma 4 Machi, wala haitatoa onyo, kwa sababu zote mbili ni tarehe zinazowezekana. Itakwama tu ikifika 25/04, maana hakuna mwezi wa 25. Kama ni bei ya nyanya, si neno. Lakini kama ni siku mliyomkopesha mtu mkaahidiana miezi mitatu, mtamdai ndugu yenu kabla ya wakati wake, nanyi mkiamini mna haki. GnuCash inauliza mpangilio wa tarehe wakati wa kuingiza CSV. Msipite tu kwa kubonyeza "endelea".

Namba nazo zina fitina yake. Ndugu zetu wa Burundi, Rwanda na Kongo waliosomeshwa kwa Kifaransa huweka koma pale ambapo Uganda na Kenya huwekwa nukta. Kwa hiyo "1.500" kwa mmoja ni elfu moja na mia tano, kwa mwingine ni moja na nusu. Na kama koma ndiyo inayotenganisha safu za faili, basi 1,500 isiyofungwa kwa alama za kunukuu itakatwa vipande viwili. Mkishapata mpangilio ulio sawa, uhifadhini kwa jina la benki yenu, programu inaruhusu, ili mwezi ujao msianze upya.

Kuna na kuingiza taarifa moja mara mbili, mshahara ukaonekana umelipwa mara mbili (laiti ingekuwa kweli!). Benki ikiwapa hiari, chukueni OFX. Ndani ya faili hilo kila muamala una namba yake ya utambulisho, na programu huitambua ikirudi tena. QIF, ambayo ni ya zamani, haina namba hiyo. Hapo programu hukisia kwa kulinganisha kiasi na tarehe, na ninyi lazima mkague kwa macho.

Tukija kwenye zaka, mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, lakini programu hizi huhesabu mwaka wa Januari hadi Desemba. Anayefuata mwaka wa programu, katika miaka 33 atakuwa ameacha zaka ya mwaka mzima, na haki hiyo ni ya maskini. Wakati wa kutoa faili, wekeni wenyewe tarehe ya mwanzo na ya mwisho kulingana na siku yenu ya zaka.

Kutoa faili ndiko kunakosahauliwa zaidi, na sisi tunaona ndiko muhimu kuliko yote. Microsoft iliacha kuuza programu yake ya Money mwaka 2009. Waliokuwa na hesabu za miaka mingi humo iliwabidi watafute njia ya kuzihamisha. Na programu ikidumu, mwenye nyumba hadumu. Akifariki, madeni yake hulipwa kabla mirathi haijagawanywa. Je, mjane na watoto watajuaje nani anadai na nani anadaiwa, ikiwa kila kitu kimo kwenye faili ambalo marehemu peke yake alijua kulifungua?

Kwa hiyo kila baada ya miezi michache toeni miamala yote kwa CSV, mkichagua akaunti zote pamoja na zile za madeni, si ya benki peke yake. Faili la namna hiyo hufunguka hata kwa programu ya kuandikia maandishi matupu. Ubaya wake ni huohuo: halina neno la siri, na yeyote atakayelishika atalisoma. Msilitume ovyo kwa baruapepe wala msiliache kwenye kompyuta ya ofisini. Lihifadhini kwenye flashi, muiweke palipo na hati za nyumba. Kisha mwiteni mtoto mkubwa alifungue kwenye kompyuta isiyo na programu yenu ya hesabu, awasomee deni moja na tarehe yake.