Michoro ya matatu: sheria yaogopa rangi au mwendo?

Kila ufikapo mwisho wa mwezi wa Agosti, watu zaidi ya 70,000 hukusanyika katika jangwa la Black Rock, jimbo la Nevada huko Marekani, kwa tamasha liitwalo Burning Man. Mengi yafanywayo huko hayatuhusu, na mengine ni heri yabaki hukohuko jangwani. Walakini lipo jambo moja katika tamasha hilo linalostahili kutazamwa na sisi tunaopanda matatu na mabasi kila siku. Kwa muda wote wa tamasha gari la kawaida haliruhusiwi kuzunguka. Mwenye nalo huliegesha, akatembea kwa miguu au kwa baiskeli. Linaloruhusiwa kutembea ni lile lililogeuzwa umbo hata mtu akilitazama asijue lilikuwa gari gani: limefanywa samaki, au joka, au jahazi lenye tanga.

Wenye tamasha wameunda idara yao ya kuyakagua magari hayo. Mwenye gari hupeleka maombi mapema, kisha gari hukaguliwa palepale mchangani. Kuna cheti cha mchana na kuna cheti cha usiku, na anayetaka cha usiku sharti gari lake liwe na taa za kutosha ili mtu anayepita gizani alione kutoka kila upande. Dereva asiwe amelewa. Mwendo ni maili 5 kwa saa, yaani kama kilomita 8, mwendo ambao punda wa Lamu akiamua anaweza kuushinda.

Kwa hiyo huko, gari lisilopambwa halipewi ruhusa. Kwetu Kenya mambo yamekuwa kinyume, na lililopambwa ndilo lililosimamishwa, likapigwa faini, likaamriwa likapakwe upya. Lakini jambo kubwa si kwamba wale wanapenda rangi na serikali yetu inaichukia. Jambo kubwa ni kwamba wale wametenganisha maswali mawili. Swali la kwanza: je, gari hili limepambwa? Swali la pili: je, gari hili litaua mtu? Kila moja lina jibu lake. Hapa kwetu maswali hayo yamechanganywa kwa muda mrefu, na ni nadra mtu kusimama akauliza kwa nini.

Tukumbuke mambo yalivyoanza. Matatu zilikuwako tangu siku za nauli ya senti thelathini, lakini zilikuwa zikifukuzwa na polisi kwa kuwa hazina leseni ya kuchukua abiria. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alizifungulia njia, zikaruhusiwa kubeba watu bila leseni hiyo. Mwaka 1984 Bunge likapitisha sheria ya kuziweka chini ya leseni na ukaguzi. Baina ya miaka hiyo na mwisho wa karne, vijana wa mijini walizigeuza kuwa maonyesho yanayotembea, kwa picha za wanamuziki na wachezaji mpira, maneno ya kejeli, taa za rangi na muziki wa kutikisa vioo.

Kisha akaja marehemu John Michuki, Waziri wa Uchukuzi. Kanuni zake za mwaka 2003 zilianza kutumika Februari 1, 2004. Zilidai vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda kwa kila kiti, abiria 14 tu katika gari dogo, sare kwa dereva na kondakta, picha ya dereva ibandikwe garini, na mstari wa manjano ubavuni wenye jina la njia. Pamoja na mstari huo michoro ikafutwa. Kwa miezi ya mwanzo ajali zilipungua, na hata waliomchukia Michuki walikiri. Lakini ni nini kilichozipunguza? Ni mwendo, ni mikanda, ni watu kutosimama garini. Hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba picha ya mwanamuziki ikifutwa breki hushika vizuri zaidi.

Kwa kuwa hayo yalikuja katika kifungu kimoja, watu waliyahesabu kuwa jambo moja, na polisi vilevile. Kidhibiti mwendo kimefichwa ndani, na fundi mjanja hukilegeza kwa dakika chache. Mkanda huchakaa. Bali rangi huonekana umbali wa nusu maili. Askari aliyesimama juani akitaka kuonyesha kwamba anafanya kazi, atakamata kitu gani kwanza?

Baada ya hapo amri zilikwenda na kurudi kama maji ya kivuko cha Likoni. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alisema michoro iachwe, kwa kuwa ni sanaa na vijana wanapata riziki yao humo. Mwaka 2018, chini ya serikali ileile, ulitangazwa msako wa kurudisha kanuni za Michuki, na michoro ikawa tena miongoni mwa makosa. Mwanzoni mwa 2020 wakuu wa serikali huku Pwani nao wakaamuru matatu za Mombasa ziondoe michoro. Mwenye gari aliyetumia mamia ya maelfu ya shilingi kupamba gari lake kwa neno la Rais alijikuta analipa mara ya pili kulifuta kwa neno la waziri. Hata hivyo zile za Nairobi, ziitwazo nganya, zipo hadi leo, zinang'ara kuliko zamani. Sheria iliyofuatwa na kuachwa mara nyingi namna hiyo haimfundishi mtu kitu ila kukisia hewa ya siku hiyo.

Sasa tutoke mijini, twende Kitui na Makueni. Msomaji wa Mombasa anaijua Makueni hata kama hajui kwamba anaijua. Mtito Andei, ambapo basi husimama abiria wakashuka kunywa chai na kuwahi sala, imo Makueni. Kibwezi, Makindu, Emali, zote zimo. Nao wasafiri wa Garissa waendao Nairobi hupita Ukasi na Mwingi, katika kaunti ya Kitui. Kwa hiyo usalama wa barabara za Ukambani ni usalama wa watu wetu.

Huko hutaona nganya nyingi. Gari la kwenda Wote au Kitui mjini kwa kawaida ni jeupe, lina mstari wa manjano na jina la chama chake cha akiba, basi. Zaidi ya jina, pengine kuna neno moja la Kikamba la kumshukuru Ngai juu ya kioo cha nyuma. Kwa macho ya mwenye kuichukia michoro, magari ya Ukambani ni ya adabu kabisa.

Lakini ingia ndani zaidi, kwenye njia za vumbi ambako hata hiyo matatu nyeupe haifiki. Huko mfalme wa barabara ni Probox. Gari hili lilitengenezwa libebe watu watano na mizigo kidogo. Siku ya soko hubeba kumi na zaidi: wanne mbele, dereva akiendesha amebanwa ubavu, wengine nyuma walipotengewa mbuzi na magunia ya pojo. Halina mchoro hata mmoja. Halina muziki. Rangi yake ndiyo ile iliyotoka nayo kiwandani. Kwa sheria inayotazama rangi, Probox ni mtoto mwema.

Vilevile nganya za mjini zikipitwa na wakati mara nyingi huuzwa mashambani kwa bei ya chini. Picha hukwanguliwa, hupigwa rangi moja, taa za mapambo zikang'olewa. Yote yaliyokuwa yakimkera mkuu wa polisi yameondoka. Kilichobaki ni injini iliyokimbizwa miaka mingi, breki zilizochoka na bodi iliyotobolewa kila mahali kwa ajili ya spika. Hapo ndipo gari linapohitaji jicho kali la mkaguzi kuliko siku zote za uhai wake, na ndipo linapopita bila kuulizwa.

Na kuna jambo la kusikitisha ambalo halina budi kutajwa. Jumamosi ya Desemba 4, 2021, basi la shule lilikodiwa kuwapeleka wanakwaya wa Mwingi kwenye arusi. Walipofika mto Enziu maji yalikuwa yamefurika juu ya daraja. Dereva akajaribu kuvuka. Zaidi ya watu 30 walikufa, watoto wakiwamo. Basi hilo lilikuwa la manjano, rangi ambayo sheria ya Kenya, tangu marekebisho ya mwaka 2017, inaidai kwa kila gari la shule. Sisemi kwamba rangi ya manjano ni mbaya, kwani imewekwa ili madereva wengine wajihadhari na watoto, na hilo ni jambo la busara. Ninalosema ni kwamba kwa upande wa rangi basi lile lilitimiza sharti. Lililokosekana ni daraja refu, kizuizi cha kufunga njia maji yanapopanda, na dereva wa kusema tungoje.

Hapa msomaji wa Pwani aweza kunipinga. Atasema, je, na zile picha za wanawake nusu uchi? Na maneno ya matusi ambayo baba hawezi kuyasoma mbele ya binti yake? Na makelele ya muziki yanayopita msikitini wakati wa tarawehe? Hoja hizo ni za haki, na siko upande wa wenye matatu katika hayo. Picha ya aibu ikatazwe, na muziki uwe na kipimo. Kioo kisizibwe kwa picha hata dereva asione nyuma, wala polisi asione kinachotendeka ndani. Lakini hayo yaandikwe kwa majina yake: aibu ni aibu, kelele ni kelele, kioo ni kioo. Ukikataza "michoro" kwa jumla, umekataza na aya ya shukrani, na picha ya twiga, na jina la mama mzazi wa mwenye gari.

Isitoshe, sisi watu wa Pwani ndio wa mwisho kudai kwamba chombo cha safari kiwe bubu. Majahazi ya Lamu yamechorwa macho kwenye omo tangu enzi za mababu. Mikokoteni ya Mombasa ina misemo ubavuni ambayo mpita njia husimama akaisoma, kama mwanamke asomavyo jina la kanga kabla hajanunua doti. Mabasi yetu makubwa nayo yanasema. Tazama majina: Tawakal, Tahmeed. Abiria anajua maana yake kabla hajakata tikiti. Mtu hukitia chombo maneno kwa sababu safari ina hofu, na hofu hutaka neno.

Na hilo la tawakali linatukumbusha kisa cha bedui na ngamia wake, ambaye Mtume (S.A.W.) alimwelekeza amfunge mnyama kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Serikali nayo ingeanza na kamba. Kwenye barabara ya Emali hadi Mtito Andei, penye malori mchana na usiku, kamba ni saa za kupumzika za dereva. Baada ya ajali ya Migaa iliyoua watu 36 usiku wa kuamkia Desemba 31, 2017, safari za usiku za masafa marefu zilipigwa marufuku kabisa kwa muda. Watu wetu walihangaika kwa miezi kadhaa, kisha marufuku ikaondolewa. Dereva aliyechoka, aliyepewa hesabu ya kupeleka kwa tajiri kabla hajapata chake, alirudi barabarani usiku uleule akiwa na hesabu ileile.

Watu wa jangwani wana raha moja ambayo sisi hatuna. Gari lao halitozi nauli, wala hakuna anayekimbilia steji. Kilomita 8 kwa saa haiwezi kufika Wote. Lakini ule utaratibu wao wa kuandika mapema kila sharti, kulikagua gari kabla halijatoka, na kumpa mwenye gari karatasi inayosema amepita, hauhitaji jangwa. Mkaguzi wa Kenya tayari hulitazama kila gari la abiria mara moja kwa mwaka. Angeweza kuitazama na michoro siku hiyohiyo, akaikubali au akaikataa kwa maandishi, na jambo likaishia kituoni pale.

Kwa sasa mchoraji wa Kitui mjini anayeulizwa na mteja ni picha gani itakayoruhusiwa humjibu kwa kukumbuka ni gari lipi lililokamatwa mwezi uliopita, na ni askari gani alikuwa zamu.