Siku ya Msiba, Daftari Libaki Kabatini

Nawaandikia kuhusu daftari. Mnalijua: lile la jalada gumu linalokaa kwa katibu wa jumuiya, majina upande mmoja, na upande wa pili ahadi, zaka na michango ya ujenzi. Nimelitunza kwa miaka sita na ninaliheshimu. Bila daftari hilo mwinjilisti hapati posho yake wala kanisa halipauliwi. Siombi litupwe. Naomba siku ya msiba lisifunguliwe.

Nasema hivi kwa sababu mimi nililifungua. Jirani yetu, fundi baiskeli, alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Wazee walikaa, wakaniuliza huyu ndugu amefikia wapi, nami nikasoma: hakuna bahasha tangu mwaka juzi. Hakuna aliyemsema vibaya. Ilisemwa tu kwamba utaratibu ni utaratibu, na kwamba tukimzika huyu, wengine nao wataacha kutoa. Basi alizikwa bila kengele na bila mtumishi mwenye joho. Kina mama wa mtaani, Wakristo kwa Waislamu, walikaa na mjane mkekani mpaka watu wakarudi kutoka makaburini. Mtoto wake mkubwa, wa darasa la sita, alinisogelea akaniuliza: "Babu, baba hatafufuka?"

Nilimshika bega, nikanyamaza. Mtoto alikuwa ameelewa vizuri kabisa kile tulichokihubiri siku ile.

Jioni nilifungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15. Paulo aliuandika akiwa Efeso, katikati ya miaka ya 50, yaani miaka ishirini na kitu tu tangu Yesu asulubiwe. Anawataja waliomwona Bwana akiwa hai: Kefa, wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500 kwa mara moja, Yakobo, mitume wote, na mwisho kabisa yeye mwenyewe. Kuhusu wale 500 anaongeza kwamba wengi wao wangali wazima. Ni kama anasema: wapo, kawaulizeni. Kisha anautwika ushuhuda huo mzigo wote. Kama Kristo hakufufuka, imani ni bure na waliolala wamepotea. Nilitafuta sura nzima mahali ambapo tumaini la marehemu limeegemea jambo lingine alilotimiza au aliloshindwa kulitimiza. Sikupaona.

Tena watazameni mashahidi wenyewe. Wa kwanza kufika kaburini walikuwa wanawake, na zama zile ushahidi wa mwanamke ulipewa uzito mdogo. Paulo alikuwa mtesi wa kanisa. Na Petro je? Yohana anasimulia jambo nililolipita kwa miaka mingi bila kuliona. Usiku ule Petro alipomkana Bwana wake mara tatu, alikuwa akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Baada ya ufufuo, alfajiri, ufukweni mwa ziwa, wanafunzi wanashuka chomboni na kukuta moto wa makaa, samaki wakiwa juu yake, na mkate. Sisi tunaopikia jiko la makaa tunajua jinsi harufu ile inavyoingia hadi kwenye nguo, na jinsi inavyoweza kukurudisha mahali ulipokuwa. Petro alirudishwa palepale alipoangukia. Lakini hakuulizwa kitu kwanza. Alilishwa. Swali, kama anampenda Bwana, lilikuja wakiwa wameshakula.

Hiyo ndiyo neema, na ndiyo maana haitengani na ufufuo. Maiti haina mchango wa kutoa ili ifufuke. Mungu hutoa vyote, au hakuna tumaini kwa yeyote kati yetu, hata mwenye bahasha zilizojaa.

Kanisa limewahi kuugua ugonjwa huu wa fedha na wafu. Luther alipotoa hoja zake 95 mwaka 1517, mzozo ulihusu vyeti vya rehema vilivyotolewa kwa malipo, hata kwa ajili ya watu waliokwisha kufa. Mgawanyiko uliofuata ulidumu karne nyingi, lakini tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yetu. Kanisa Katoliki lenyewe, katika sheria yake ya mwaka 1917, lilikuwa limewataja waliojiua kwa makusudi kati ya wasiostahili maziko ya kanisa. Katika sheria ya mwaka 1983 hawatajwi tena. Makanisa yanaweza kujifunza huruma. Na sisi tunaweza.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Wamoravian. Mwaka 1732, huko Herrnhut, Ujerumani, vijana walipanda kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka, wakaimba huku jua likichomoza. Makaburi yale waliyaita shamba la Mungu, kwa kuwa Paulo anaufananisha mwili na mbegu. Mawe yake hulazwa ardhini, ya tajiri na ya maskini sawasawa. Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, na ibada hiyo ya alfajiri ikafika na kwetu.

Najua mtakachoniuliza: tusipobana, kanisa litaendeshwa na nini? Swali ni la haki. Jibu langu nimelipata kwa uchungu. Bahasha za fundi zilikoma mwezi uleule alipoacha kukaa kibandani kwake. Daftari lilikuwa linatupa habari za ugonjwa, nasi tukazisoma kama deni. Laiti ningevuka barabara siku ile ya kwanza nilipoona nafasi imebaki wazi! Basi, makatibu wenzangu, mstari ukiwa mtupu miezi miwili, nendeni mkabishe hodi. Msiende kudai, nendeni kujulia hali, ikiwezekana na kilo ya unga mkononi.

Wachungaji wetu, mapadre, wazee wa kanisa: nawasihi mkae kikao sasa, kabla hajafa mtu, mwandike kwamba hakuna atakayenyimwa maziko kwa sababu ya mchango. Msisubiri kuamua mjane akiwa mlangoni.

Nanyi wasomaji, kila mmoja wenu analijua kaburi moja lililochimbwa kimyakimya. La fundi wetu liko upande wa bondeni, magugu yamelifunika na msalaba wake wa mbao umeanza kuliwa na mchwa. Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka, nitakwenda na fyekeo. Mjane amekubali, na yule kijana wake amesema atachonga msalaba mpya. Jumapili tutakuwa pale saa kumi na moja alfajiri, na mwinjilisti ameahidi kuja. Njooni na taa, maana njia ya bondeni ina mashimo.