Weka Chini Manati, Shika Daftari



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), napenda kuitumia nafasi hii katika jarida letu kuzungumzia jambo ambalo huenda wengi wataliona dogo, nalo ni kutazama ndege. Hoja yangu ni moja. Mwanafunzi anayekwenda ziwani asubuhi na daftari lake, akawatazama ndege, akawahesabu, kisha akaandika kile tu alichokiona kwa macho yake, hapotezi muda. Anajizoeza jambo ambalo ni msingi wa elimu tunayomfundisha hapa kila siku, yaani ukweli katika kutoa habari.

TUNAWAJUA NDEGE KWA UGOMVI

Sisi watu wa Dodoma na Singida hatuwezi kusema kwamba ndege ni wageni kwetu. Mtoto aliyekulia kijijini ameamia shamba la uwele au mtama, akapiga debe na kurusha mawe tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Anamfahamu kwelea kwelea vizuri sana. Ndege huyo mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Ni kiasi kidogo, lakini wakitua laki moja, hiyo ni tani nzima kwa siku moja. Mkulima anayeona jasho lake likiliwa hana sababu ya kuwapenda, wala hapana wa kumlaumu.

Tatizo ni kwamba uadui huo tumeueneza kwa kila chenye mabawa. Mtoto akipata kipande cha mpira wa baiskeli hutengeneza manati, na kila ndege anayetua karibu huwa shabaha: njiwa, chozi, hata hudihudi anayedonoa wadudu uani. Hajiulizi ndege huyo anakula nini au ana faida gani. Wapo korongo weupe wanaofika kwetu kutoka Ulaya wakati wa mvua, na wapo korongo wa Abdim wanaotoka ukanda wa Sahel. Hao hutembea mashambani wakila viwavijeshi, panzi na nzige. Anayewarushia mawe anawafukuza vibarua wanaomsaidia bila kudai ujira. Elimu ndiyo itakayomwezesha kumtofautisha anayekula mtama na anayekula adui wa mtama.

Tukumbuke pia mafundisho yetu. Katika Surat Al-An'aam, aya ya 38, tunafahamishwa kwamba ndege nao ni umma kama sisi. Katika Surat Al-Mulk, aya ya 19, tunahimizwa kuwatazama walio juu yetu wakikunjua na kukunja mabawa yao. Na katika Hadithi iliyopokelewa na Abu Daud, Masahaba walichukua makinda wawili wa ndege, mama yao akaja akipapatika. Mtume (S.A.W.) aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyo uchungu kwa ajili ya watoto wake, akaamuru warudishwe. Basi tujiulize, manati zetu zimewatia uchungu mama wangapi?

MAJI TUNAYO

Watu wa nje hudhani nchi yetu ni kavu tupu. Kwa hakika Mwenyezi Mungu ametujaalia maji ya kutosha ndege wengi. Kiasi cha kilometa 40 kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma lipo bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957. Magharibi kuna mbuga ya majimaji ya Bahi, ambayo mto Bubu unaotoka Kondoa huijaza wakati wa masika, na kiangazi sehemu kubwa hukauka. Kusini, mpakani na Iringa, kuna bwawa kubwa la Mtera katika mto Ruaha Mkuu. Na ndugu zetu wa Singida ndio wenye bahati zaidi, kwani mji wao umekaa kati ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Mtoto wa pale anaweza kuwaona heroe, ambao wengi huwaita flamingo, kisha akarudi nyumbani kunywa chai.

Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Wapo wanaosafiri kutoka nchi za mbali na kulipa fedha nyingi ili wawaone. Kwenzi wa kijivu, pamoja na yule kasuku mdogo mwenye ukosi wa manjano, asili yao ni Tanzania, na hapa uwanda wa kati ni kwao hasa. Sisi tunapita chini ya miti yao kila siku bila kuinua macho.

JINSI YA KUANZA

Mwanafunzi asiseme hana vifaa. Darubini inasaidia, lakini si sharti. Mahitaji ya mwanzo ni daftari, penseli, macho na subira. Ningependa ufuate hatua hizi:

Kwanza, nenda mapema. Ukishaswali Alfajiri, usirudi kulala. Ndege hushughulika zaidi saa mbili tatu za mwanzo baada ya jua kutoka. Simama upande wa mashariki wa ziwa ili jua liwe mgongoni mwako na mwanga uwaangukie ndege. Ukisimama upande wa pili utaona vivuli vyeusi tu.

Pili, kaa kimya. Usivae nguo nyekundu au za kung'aa, usikimbie, usipige kelele. Ukikaa bila kujitikisa kwa robo saa, ndege waliokukimbia watarudi wenyewe.

Tatu, anza na unaowajua. Yangeyange, yule mweupe anayefuata ng'ombe, kila mtu anamjua. Mtumie kama kipimo. Ukimwona ndege mgeni, jiulize: Ni mkubwa kuliko yangeyange au ni mdogo? Mdomo wake umenyooka, umepinda au ni bapa? Miguu yake ni ya rangi gani? Anafanya nini?

Nne, tazama tabia. Mnandi ni mweusi, hupiga mbizi kuvua samaki, kisha hukaa juu ya mti au jiwe amekunjua mabawa ayakaushe, mfano wa shati kwenye kamba. Mwari ana mfuko chini ya mdomo, na mara nyingi huvua kwa kundi. Domokijiko huufyagiza mdomo wake majini kulia na kushoto. Furukombe, mwenye kichwa cheupe, utamsikia kabla hujamwona. Heroe huinamisha kichwa na kuchuja maji kwa mdomo uliogeuzwa juu chini. Wapo wa aina mbili: heroe mkubwa ni mrefu na mweupe zaidi, mdomo wake ni wa waridi na ncha nyeusi, heroe mdogo ni mfupi na mdomo wake ni mwekundu wa kuiva unaoonekana kama mweusi kwa mbali.

Tano, hesabu. Wakiwa wachache, wahesabu mmoja mmoja. Wakiwa wengi, hesabu kumi, uone kumi hao wamechukua nafasi kiasi gani, kisha endelea kwa makumi mpaka mwisho wa kundi. Andika neno "takriban" kila unapokisia.

Sita, andika palepale ziwani, usingoje kufika nyumbani. Andika tarehe, saa, mahali uliposimama, hali ya hewa, jina la ndege na idadi. Usipolijua jina, andika sifa zake: "mweupe na mweusi, mdomo mwembamba, miguu myekundu mirefu mno." Maelezo kama hayo yatamwezesha mwenye kitabu kukwambia baadaye ni nani. Kitabu kizuri cha Afrika Mashariki ni kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe kilichotoka mwaka 2002. Ni cha Kiingereza, lakini picha zake zinaeleweka na kila mtu. Kikinunuliwa kimoja kwa madrasa nzima kinatosha.

Saba, jilinde. Usiingie majini, kwani maji baridi yaliyosimama yanaweza kuwa na kichocho, na Mtera kuna viboko na mamba. Usiende peke yako. Nenda na mwalimu, mzazi au kaka mkubwa. Usisogelee viota wala kugusa mayai.

HABARI YA YAKINI

Sasa nifike kwenye kiini cha maneno yangu. Wanafunzi wa madrasa mnajua kisa cha hudihudi na Nabii Sulaiman (A.S.) katika Surat An-Naml. Hudihudi alichelewa, kisha akaja na habari za Sabaa akisema ni habari ya yakini. Nabii Sulaiman hakumkataa, wala hakumkubali papo hapo. Alisema atatazama kama amesema kweli au ni miongoni mwa waongo. Habari ya ndege ilichunguzwa kwanza. Je, habari za sisi wanadamu?

Maulamaa wetu wa Hadithi walijenga elimu kubwa juu ya msingi huo. Waliuliza: Nani amesema? Amesikia kwa nani? Alikuwepo? Kumbukumbu yake ni nzuri? Msimulizi angeweza kuwa mcha Mungu, lakini kama hakuwa na uhifadhi mzuri riwaya yake ilihesabiwa dhaifu. Daftari la ndege linataka adabu ileile. Ukiona heroe 30, usiandike 300 ili uwapite wenzako. Ukisimuliwa na rafiki yako kwamba kamwona mwari, andika kwamba umesimuliwa, usiandike umeona. Ukiwa na shaka, andika "sina hakika". Na ukilikuta ziwa halina heroe hata mmoja, andika sifuri, maana sifuri nayo ni habari.

Faida ya ukweli huo inaonekana baada ya miaka. Maziwa yetu yanabadilika. Bwawa la Hombolo hupoteza kina kwa sababu ya tope linaloletwa na mvua kutoka kwenye ardhi iliyokatwa miti. Singidani na Kindai hupanda na kushuka kwa kufuata mvua. Heroe huhama ziwa hadi ziwa wakitafuta chakula, na mahali pao pakuu pa kuzalia katika Afrika Mashariki yote ni ziwa Natron, mkoani Arusha. Ukiwauliza wazee watakwambia zamani ndege walikuwa wengi zaidi. Huenda ni kweli, lakini wangapi? Mwezi gani? Upande gani wa ziwa? Kama hapakuwa na mwenye kuandika, hapana wa kujibu. Mwanafunzi wa miaka 12 akianza leo, akaandika mara moja kila mwezi hadi amalize sekondari, atakuwa na kumbukumbu ambazo hata ofisi ya serikali inaweza kuzihitaji. Nje ya nchi yetu watu wa kawaida hufanya hivyo, na kila Januari ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi za dunia. Atlasi ya Ndege wa Tanzania nayo imekusanywa kwa kutumia kumbukumbu za watazamaji wengi waliojitolea.

KWA WAZAZI

Najua baadhi ya wazazi watasema haya ni mambo ya Wazungu. La, ndugu zangu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, aliandika kitabu kikubwa cha wanyama, na hakukubali kila alichosimuliwa. Alihoji hata maneno ya wanafalsafa wa Kiyunani. Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 Hijria, aliandika kitabu chake cha maisha ya wanyama kwa kufuata mpangilio wa herufi. Urithi huo ni wetu, sisi ndio tulioutupa.

Wengine watasema mtoto ataacha kudurusu. Asubuhi moja ya Jumapili kwa mwezi haimzuii mtoto kuhifadhi. Kinyume chake, mwenye kuzoea kutulia ziwani kwa saa nzima atatulia pia mbele ya msahafu. Na haya si ya wavulana peke yao. Wasichana nao waende, pamoja na walimu wao, kwani mara nyingi wao ndio wenye hati nzuri na subira zaidi.

Napendekeza kwa uongozi wa madrasa yetu kwamba lifunguliwe daftari moja kubwa, liwekwe maktaba, na kila mwezi kundi la wanafunzi liende ziwani pamoja na mwalimu. Kila ukurasa uandikwe majina ya waliokuwepo, ili anayesoma ajue habari imetoka kwa nani. Mwakani, inshaallah, jarida hili lichapishe hesabu za mwaka mzima, pamoja na sifuri zake na "sina hakika" zake.

Mwanangu unayesoma, huna haja ya kungoja darubini wala safari. Kesho baada ya Alfajiri toka uani, tazama juu, andika cha kwanza utakachokiona. Ile manati mpe mama aufungie mpira wake mzigo wa kuni.