Baka lisilohisi pamba: mchunguze mwanao mapema

MAMA wa Nyamisati anayechagua mchele hahitaji kukodolea macho kila punje. Vidole vyake vinatambua chuya na kijiwe huku akimtazama mtoto anayecheza pembeni. Kidole kinapopita juu ya kitu, ngozi hutikisika kidogo sana, na mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo: hiki laini, hiki kinakwaruza.

Wataalamu wa Italia na Uswisi wamejaribu kuiga kazi hiyo. Mwaka 2016 walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya na Dennis Aabo Sørensen, raia wa Denmark aliyepoteza mkono wa kushoto kwa fataki. Walitengeneza ncha ya kidole cha bandia yenye vifaa vya kuhisi, ikapitishwa na mashine juu ya vipande vya plastiki, vingine laini na vingine vya kukwaruza. Ishara zake zilipelekwa kwa umeme mdogo hadi kwenye mishipa ya fahamu ya kigutu chake. Alitofautisha vipande hivyo kwa usahihi wa asilimia 96.

Ili kufika hapo ilibidi apasuliwe na kupandikizwa vifaa mwilini. Mzazi, hisia aliyozaliwa nayo mwanao ni rahisi zaidi kuilinda kuliko kuitengeneza upya.

Ugonjwa mmoja unaoiba hisia hiyo ni ukoma. Rufiji inaufahamu. Karibu na Utete kipo kijiji cha Kindwitwi, walikoishi wagonjwa wa ukoma waliotengwa na jamii, na ambako Padri Robin Lamburn wa Kanisa la Anglikana aliwahudumia tangu miaka ya 1960 hadi alipofariki mwaka 1993.

Wengi hudhani ukoma wenyewe hukata vidole. Ukweli ni kwamba bakteria wake hushambulia mishipa ya fahamu, mkono au mguu ukafa ganzi. Mtu hushika sufuria ya moto au hukanyaga mwiba bila kusikia maumivu. Kidonda hakitunzwi, kinaoza, na ulemavu huanzia hapo.

Mchunguze mwanao hivi. Mchana, penye mwanga, mvue nguo wakati wa kuoga na umkague mwili mzima, pamoja na mgongo na makalio. Tafuta baka lililopauka au lenye wekundu, lisilowasha wala kuuma. Ukiliona, chukua pamba uisokote ncha iwe nyembamba. Mguse kwanza penye ngozi nzima ili aelewe, kisha mwambie afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila unapomgusa. Gusa juu ya baka na pembeni yake.

Asipohisi kwenye baka, mpeleke zahanati au kituo cha afya bila kuchelewa. Hata akihisi, kama baka haliondoki, nenda, kwa sababu si kila baka la ukoma hupoteza hisia, na mtoto mdogo anaweza kubahatisha. Huenda ikawa fangasi tu. Mhudumu wa afya ndiye wa kuamua.

Dawa za ukoma hutolewa bure. Hunywewa miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ugonjwa, na mgonjwa hupona. Akianza dawa, uwezo wake wa kuambukiza wengine huisha haraka, hivyo hakuna sababu ya kumtenga mtoto chombo cha kulia wala mkeka. Ila mshipa ulioharibika muda mrefu mara nyingi haurudi, hata vijidudu vikifa vyote. Ndiyo maana kupoteza mwaka mzima kwa mganga, mkitafuta nani kamroga, ni hatari kwa mkono wa mtoto.

Dalili zinaweza kujitokeza miaka 5 au hata 20 baada ya maambukizi. Kwa hiyo ukimaliza watoto, wakagueni na babu na bibi, nanyi wazazi mkaguane.